Kariatidi: Athens, London au Paris?

Mtu akiniuliza aende wapi kuwaona kariatidi, wale wanawake wa mawe waliowekwa mahali pa nguzo ili wabebe jengo kichwani, nami humrudishia swali. Unataka kuiona kazi ya mkono wa fundi wa kale, au unataka kumwona mwanamke huyo akiwa chini ya mzigo wake? Kwa wale mashuhuri kuliko wote, wa hekalu la Erechtheion kwenye kilima cha Acropolis, mambo hayo mawili yalishatengana. Walioko kilimani leo wamesimama chini ya paa, lakini wote sita ni nakala. Wale wenyewe wamo makumbusho, watano Athens na mmoja London, na vichwani hawana kitu. Watalii wengi hulijua hili wakiwa wamesharudi nyumbani: walilipa kiingilio, wakapanda mlima na jua la saa sita, wakapiga picha sanamu ambazo ni changa kuliko wazazi wao.

Kwa hiyo sitalinganisha uzuri wa miji wala utamu wa vyakula. Nitapima kwa maswali matatu. Je, ni sanamu yenyewe? Je, bado imebeba? Na je, unaweza kuuona mgongo wake? Hilo la mgongo linahitaji maelezo, maana ndilo lililonifanya nichague upande.

Siri iko kisogoni

Erechtheion lilijengwa kati ya mwaka 421 na 406 KK, upande wa kaskazini wa Acropolis, likitazamana na Parthenon, hekalu kubwa kuliko yote kilimani hapo. Baraza lake la kusini halikupewa nguzo za kawaida. Lilipewa wasichana sita wa marumaru ya mlima Pentelikon, wanne mbele na wawili nyuma yao, kila mmoja ana urefu wa mita 2.3 hivi, wamepangwa juu ya ukuta mfupi.

Nguzo ya kawaida haina mahali pa kutia shaka. Mwanadamu anapo, napo ni shingoni. Uzito wote wa paa la mawe hauna njia nyingine ila kupita hapo. Ukiichonga nene, umemchonga binti mwenye shingo ya fahali. Ukiichonga nyembamba, katika nchi ya matetemeko kama Ugiriki, paa litashuka siku moja. Fundi aliificha nguvu kwenye nywele. Kila msichana ana misuko minene inayoteremka kisogoni hadi mgongoni, na jiwe la misuko hiyo ndilo linaloisaidia shingo. Ukimtazama mbele unaona shingo ya binti. Ukimzunguka unaona mhimili.

Tena si nywele za kubuni tu. Mwaka 2009 mwanahistoria wa sanaa Katherine Schwab wa Chuo Kikuu cha Fairfield, Marekani, aliwaketisha wanafunzi sita mbele ya msusi, kila mmoja akasukwa mtindo wa sanamu yake, na ikawezekana kwa nywele halisi. Maana yake wachongaji waliitazama mitindo iliyokuwepo, na hawakurudia mmoja mara sita. (Nadhani msusi wa Kariakoo angeisoma ile misuko haraka kuliko wengi wetu tuliosoma vitabu.)

Miguu nayo ina hesabu yake. Kila msichana ameegemeza uzito kwenye mguu mmoja, na goti la pili limekunjika kidogo chini ya vazi. Watatu wa upande mmoja wanaegemea mguu wa kulia, watatu wa upande wa pili mguu wa kushoto, na daima mguu wenye uzito ndio ulio upande wa nje. Juu ya mguu huo mikunjo ya nguo huanguka wima, mirefu, yenye mifereji kama ya nguzo halisi. Ukikodoa kidogo, binti anageuka nguzo. Ukifumbua vizuri, anarudi kuwa binti. Kichwani kila mmoja ana duara la jiwe lililokaa kama ngata, kati ya nywele na boriti. Aliyekulia mahali pa kuteka maji ataujua msimamo huo papo hapo: kidevu hakipandi wala hakishuki, mabega yametulia, na uso hauoneshi kwamba kuna ndoo kichwani.

Ndiyo maana swali la mgongo nalipa uzito. Mahali pasipokuruhusu kumzunguka kariatidi panakuonesha urembo na kukunyima ufundi.

Athens: kilima au makumbusho?

Kilimani unapata kitu ambacho hakuna makumbusho yatakayokupa: uhusiano wa wasichana na jengo lao. Unaona jinsi baraza lilivyo dogo, karibu la kimahaba, kando ya ukuta mtupu wa Erechtheion, huku Parthenon ikiwa mbele yao yenye nguzo nzito za kiume. Unaona pia jua linavyozikata zile kunjo za nguo na kuzijaza kivuli. Nakala zilizowekwa ni nzuri na zinatosha kwa kazi hiyo. Lakini husogei karibu, unawatazama kutoka chini na kwa mbele, na kisogo hukioni kabisa.

Kuna na suala la mwili. Njia ni ya kupanda, mawe yamelainishwa na nyayo hadi yanateleza, na kivuli ni haba. Tiketi siku hizi zina saa maalumu ya kuingia. Katika joto kali la Julai 2023 na Juni 2024 mamlaka zililazimika kufunga kilima saa za mchana. Ukienda majira ya joto, ingia asubuhi mlango unapofunguliwa. Mzee au mtoto mdogo usimpandishe mchana.

Makumbusho ya Acropolis yako chini ya kilima, karibu na kituo cha metro cha Acropoli, na kiingilio chake ni tofauti na cha kilimani. Yalifunguliwa Juni 2009 kwa ramani ya msanifu Bernard Tschumi, na tangu hapo wasichana watano wamesimama wazi kwenye jukwaa lao, katika mpangilio ule ule wa baraza. Unawazunguka. Unasimama nyuma yao kadiri upendavyo, unaikodolea misuko, na hakuna anayekusukuma. Mmoja wao amevunjika vibaya, kwani Erechtheion lilipigwa mizinga mwaka 1827 wakati wa vita vya uhuru wa Ugiriki. Na kuna nafasi moja wazi, iliyoachwa makusudi kwa ajili ya yule aliyeko London.

Nyuso zao zimeliwa. Hapo lawama ni ya karne ya 20: moshi wa magari, viwanda na majiko ya kupasha nyumba joto uliigeuza ngozi ya marumaru kuwa jasi, na mvua ikaisomba. Waliondolewa kilimani mwaka 1979 kwa sababu hiyo. Kuanzia 2011 hadi 2014 wataalamu waliwasafisha kwa mwanga wa leza, na waliifanya kazi hiyo palepale ukumbini, wageni wakitazama. Cha kushangaza ni kwamba misuko, ambayo fundi aliiweka mahali ambapo watu wachache wangeiona, ndiyo iliyosalia vizuri kuliko nyuso.

Kati ya hivyo viwili, nachagua makumbusho bila kusita. Mwenye siku nzima afanye vyote, aanze na kilima asubuhi akimbie jua, kisha ateremke makumbusho mchana. Ijumaa makumbusho huwa wazi hadi saa nne usiku, na saa za jioni msongamano hupungua. Ila akiwa na nusu siku tu, kilima akione kupitia kuta za kioo za makumbusho, nacho kinaonekana vizuri kutoka humo.

London: dada wa sita, na nakala zenye chuma tumboni

Ndugu zetu walio Uingereza wana bahati wasiyoitumia. Yule wa sita yuko British Museum, na kuingia kwenye mikusanyo ya kudumu hakuna malipo. Aliondolewa na watu wa Lord Elgin, balozi wa Uingereza katika dola la Uthmaniya, lililokuwa likitawala Athens wakati huo. Mwaka 1816 Bunge la Uingereza liliununua mkusanyo wote wa Elgin kwa pauni 35,000, naye akiwamo. Pale alipong'olewa pakajengwa nguzo ya matofali kulishikilia baraza. Athens walihadithiana kwamba usiku wale watano walisikika wakimlilia mwenzao.

Kwa macho tu, huyu wa London anawashinda dada zake. Hakukaa kwenye moshi wa Athens, hivyo uso na mikunjo ya nguo vimehifadhika vizuri zaidi. Makumbusho yana pia nguzo ya kawaida kutoka Erechtheion hilo hilo, kwa hiyo unaweza kuipima mifereji ya nguzo ile dhidi ya mikunjo ya vazi lake, jambo gumu kulifanya Athens. Anachokosa ni wenzake. Ule mzani wa watatu kulia na watatu kushoto huwezi kuuona kwa mtu mmoja. Mgeni asiyeijua historia yake anaona sanamu nzuri ya mwanamke, anapita.

Serikali ya Ugiriki inamdai pamoja na sanamu za Parthenon, na sheria ya British Museum ya mwaka 1963 inawabana wasimamizi wasiweze kutoa mali ya makumbusho kirahisi. Wapo wanaokataa kwenda kumwona hadi arudishwe. Mimi nasema nenda. Anayemwona huko, kisha akaiona nafasi ile iliyo wazi Athens, ataujadili mgogoro huu akiwa na kitu machoni. Makumbusho hayo hayo yanamiliki pia kigoda cha Waluba wa kusini-mashariki mwa Kongo ambacho kiti chake kimebebwa na mwanamke, kazi ya fundi anayejulikana kwa jina la kijiji cha Buli. Kwa Waluba kigoda hicho kilikuwa cha enzi, na mwanamke amekibeba kwa kuwa mwili wake ndio ulioonekana unaweza kuihifadhi roho ya mfalme. Kariatidi wa Athens watatuletea swali kama hilo hapo chini.

Kutoka British Museum, tembea kaskazini karibu robo saa hadi barabara ya Euston. Hapo kuna kanisa la St Pancras, lililojengwa kati ya 1819 na 1822 na William Inwood na mwanawe Henry William. Mwana alikwenda Athens kulipima Erechtheion, na kanisa likapata mabaraza mawili ya kariatidi, kila upande moja, yakiwa juu ya milango ya kuingilia kwenye vyumba vya makaburi. Kwa hiyo wanawake wake wameshika mienge iliyozimwa na mitungi mitupu. Mchongaji alikuwa John Charles Felix Rossi, na hakutumia marumaru. Aliwafinyanga kwa udongo wa kuchoma, vipande vipande, kuizunguka nguzo ya chuma cha kusubu. Chuma ndicho kinachobeba. Mwanamke ni joho. Inasimuliwa kwamba walipofikishwa walikutwa warefu kupita nafasi yao, ikabidi wakatwe kipande kiunoni. Tazama viuno vyao kisha uamue mwenyewe kama unaiamini hadithi hiyo.

Ni kazi nzito, imepauka kwa masizi, na magari ya Euston hayaipi utulivu. Lakini bure ni bure, na inakufundisha kwa kinyume chake: hapa hakuna fumbo la shingo, kwani chuma kimelimaliza. Ukitoka kumwona yule wa British Museum ukaja moja kwa moja hapa, utaelewa ndani ya mchana mmoja kilichopatikana Athens na kilichokosekana kwenye kuiga.

Paris: wanaofanya kazi hadi leo

Kama jibu lako kwa swali la kwanza lilikuwa la pili, yaani unataka kumwona mwanamke akiwa chini ya mzigo wake na bado awe yule yule aliyechongwa kwa kazi hiyo, basi Athens na London zote zinakuangusha. Nenda makumbusho ya Louvre. Mwaka 1550 Jean Goujon alichonga kariatidi wanne wa kubeba jukwaa la wanamuziki katika ukumbi wa mfalme Henri II, na jukwaa bado limekaa vichwani mwao. Ukumbi huo ndimo Molière, mwandishi na mwigizaji wa tamthilia, alimochezea mbele ya mfalme Louis XIV mwaka 1658. Leo umejaa sanamu za kale, na kundi kubwa hupita mbio kuelekea kwa Venus wa Milo, sanamu mashuhuri ya Kigiriki, aliye jirani.

Goujon alikuwa hajamwona hata mmoja wa Erechtheion. Aliwajua kariatidi kupitia maandishi ya Vitruvius, msanifu wa Kirumi, ambaye tafsiri yake ya Kifaransa ya mwaka 1547 Goujon mwenyewe aliichorea picha. Akawachonga wanawake wake bila mikono, wamekatikia begani kama sanamu zilizofukuliwa ardhini. Mimi huona hapo kuna kiburi kidogo cha fundi, kuiga hata uvunjifu. Lakini wamesimama kwa uzito wa kweli, vifua mbele, na nguo zao nyembamba zimeloa mwilini. Udhaifu wa Louvre kwa mizani yangu ni ule ule wa kilimani: wametengenezwa watazamwe kwa mbele. Na Jumanne imefungwa.

Mwenye Paris na asiye na pesa za Louvre asisikitike. Barabarani ziko chemchemi za Wallace, za chuma cha kusubu, rangi ya kijani iliyokolea. Richard Wallace, tajiri Mwingereza aliyeishi Paris, alizitoa mwaka 1872 baada ya mji kuzingirwa vitani na maji safi kuwa shida kwa maskini. Mchongaji Charles-Auguste Lebourg aliweka wanawake wanne wakibeba kuba dogo, na katikati yao maji hudondoka. Ukiwatazama haraka utadhani ni mmoja amerudiwa, kumbe wawili wamefumba macho na wawili wamefumbua, na magoti hayakunjiki sawa. Unawazunguka bila kuzuiwa, unawagusa, unajaza chupa yako. Kwa mtoto anayechoka na makumbusho, hizi ndizo kariatidi za kumwonesha kwanza. Ila kuanzia katikati ya Novemba hadi katikati ya Machi maji hufungwa kwa ajili ya baridi.

Delphi na Tivoli, kwa anayetaka kubishana na Vitruvius

Vitruvius aliacha maelezo ya kwa nini wanawake hubebeshwa majengo. Alisema mji wa Karyai uliwaunga mkono Waajemi, Wagiriki wakaushinda, wakawaua wanaume na kuwafanya wanawake watumwa, kisha wasanifu wakawachonga chini ya mizigo ili aibu yao isisahaulike. Hadithi hii inarudiwa kila mahali, na Delphi, mahali patakatifu pa Wagiriki wa kale, inaipa taabu. Kisiwa cha Sifnos, kilichotajirika kwa migodi ya dhahabu na fedha, kilijenga hazina yake, yaani jengo dogo la kuwekea sadaka, pale karibu mwaka 525 KK, na mbele yake kikaweka kariatidi wawili. Uvamizi mkubwa wa Waajemi ulikuja mwaka 480 KK. Hivyo wanawake hao wa Delphi walikuwa wameshabeba kwa miaka zaidi ya 40 kabla ya kosa wanalodaiwa kuadhibiwa nalo. Mabaki yao yako katika makumbusho ya Delphi, mwendo wa basi wa saa tatu hivi kutoka Athens. Ni vipande tu, na mtu anayetaka uzuri uliotimia atarudi amenuna.

Tivoli, karibu na Roma, ina jibu la upande wa pili. Kaisari Hadrian aliwaiga wasichana wa Erechtheion kwa ajili ya bwawa la kasri lake, na nakala nne zilipatikana mwaka 1952. Wale wa Athens walikuwa wamepoteza mikono. Hizi zilikuwa na kilichokosekana. Mkono mmoja unashika vazi, mwingine umeshika bakuli la kumiminia tambiko. Baraza la Erechtheion liko juu ya mahali palipoheshimiwa kama kaburi la Kekrops, mfalme wa Athens katika masimulizi ya kale, na wapo wataalamu wanaoona kwamba wasichana hao wanamtambikia. Mimi niko upande wao. Mtumwa anayeaibishwa hakabidhiwi bakuli la tambiko.

Kuhusu viza: viza moja ya Schengen inakufikisha Ugiriki, Ufaransa na Italia, ilhali Uingereza ina yake peke yake. Kwa anayetoka Dar es Salaam au Nairobi kwa safari moja, hilo peke yake linaiondoa London kwenye hesabu, isipokuwa kama ana jamaa huko au shughuli nyingine. Achukue Athens, na akipata siku za ziada aongeze Paris badala ya Delphi. Aliyeko Birmingham au Leicester aanze na London Jumamosi yoyote; haimgharimu zaidi ya nauli ya treni. Akifika Athens baadaye, akiwa makumbusho apite moja kwa moja hadi nyuma ya wale watano, atazame visogo kwanza, nyuso baadaye.